Gari Lipo, Mafuta ya Nani? Kisa cha kaunti tatu za Pwani na ambulensi zao

Kwa karibu miaka mitatu nilikuwa katibu wa kamati iliyojaribu kuunganisha huduma za ambulensi za kaunti tatu za Pwani ya Kenya. Chumba cha kupokea simu kilikuwa Mombasa, vikao vingi vilifanyika Mombasa, na magomvi mengi pia yalianzia au kumalizikia hapa. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa afya na wa fedha ambao wameanza kuzungumzia jambo hilo hilo kwingineko, na ambao nawasikia wakirudia maneno yale yale tuliyoyasema sisi mwanzoni.

Kaunti nimezipa majina ya miti: Mnazi, Mwembe na Mkanju. Msomaji asijisumbue kukisia ipi ni ipi. Nimechanganya makusudi baadhi ya mambo ya kijiografia ili zisitambulike. Watu nao nimewaacha na vyeo vyao tu.

## Usuli

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti huduma za ambulensi. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza uzito: kifungu cha 7 kinahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya matibabu ya dharura, na kituo kinachokataa kumtibu mgonjwa hali kina uwezo kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3.

Yasome hayo kwa pamoja utaona ufa ulipo. Haki inamfuata mtu popote alipo. Gari ni la kaunti. Lina dereva mwenye tikiti ya safari iliyoandikwa mwisho wa safari ni wapi, na lina mafuta yaliyonunuliwa kwa kasma, yaani fungu la bajeti, ya kaunti moja tu.

Chukua barabara kuu ya kwenda Nairobi. Miritini uko Mombasa. Mazeras na Mariakani, Kilifi. Samburu, Taru na Mackinnon Road, Kwale. Songa mbele kidogo umeingia Taita Taveta. Ni mwendo wa saa mbili hivi kama malori hayajafunga njia, na umeshapita chini ya serikali nne. Anayepiga simu kuhusu ajali pale mara nyingi ni utingo au kijana wa bodaboda. Anajua jina la petroli stesheni iliyo karibu, basi. Mpaka wa kaunti haujui, na hana sababu ya kuujua.

Upande wa kusini hali ni tofauti kidogo lakini kichwa kinauma vile vile. Mgonjwa wa kuletwa kisiwani ama avuke Likoni kwa feri, ama siku hizi azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Kaskazini kuna foleni ya Mtwapa. Popote anapotoka, mgonjwa mzito wa Pwani husafiri kuelekea hospitali chache zenye chumba cha wagonjwa mahututi, na kwa kusafiri huko karibu lazima avuke mpaka.

Tulipoanza, kila kaunti kati ya zile tatu ilikuwa na magari yake, namba yake ya simu na utaratibu wake. Juu ya hizo kulikuwa na 999 na 112 za polisi, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Aliyelala lamini hana nafasi ya kuchagua.

## Usiku uliotuweka mezani

Ilikuwa Ijumaa, kama saa tatu usiku. Lori lililopakia saruji liligongana na matatu karibu kabisa na kibao cha mpaka wa Mwembe na Mkanju, upande gani hasa hata polisi walibishana baadaye. Simu ya kwanza iliingia Mwembe. Aliyepokea aliuliza mahali, akaelezwa, akajibu kwamba hapo ni Mkanju, akatoa namba ya Mkanju. Mkanju walikuwa na ambulensi moja kwenye barabara ile. Ilikuwa imesimama nje ya hospitali ya rufaa, mgonjwa wao ameshaingizwa ndani, lakini machela yao ilikuwa bado chini yake kwa sababu kitanda hakikupatikana. Dereva hawezi kuondoka bila machela. Angebebea nini?

Gari la karibu zaidi lilikuwa la Mnazi, mwendo wa dakika ishirini. Dereva alikuwepo na mhudumu wa dharura alikuwepo. Tikiti ya safari haikuruhusu kutoka nje ya kaunti bila idhini ya afisa wa usafiri, na afisa alipopatikana kwenye simu aliuliza swali ambalo kwa haki yake alipaswa kuuliza: mafuta yatarudishwa na nani?

Majeruhi walibebwa na pikapu ya mboga na gari dogo la abiria. Mmoja alifariki njiani, juu ya magunia. Hakuna awezaye kusema angepona kama ambulensi ingefika, nami sitasema. Nasema tu kwamba usiku ule magari matatu yalikuwa mazima, na hakuna lililokwenda.

Baada ya wiki mbili mawaziri wa afya wa kaunti zote tatu walikuwa kwenye chumba kimoja Mombasa.

## Mpango wa kwanza: mfuko wa pamoja

Ufadhili wa kuanzia ulipatikana upesi kuliko tulivyotarajia. Mfadhili mmoja alikubali kugharamia chumba cha simu kwa miezi 18: redio, kompyuta, jenereta, na mishahara ya waratibu sita wa kupokezana zamu. Kaunti nazo zikaahidi kuchangia mfuko wa pamoja, kila moja fungu sawa, kwa ajili ya mafuta, matengenezo na vifaa.

Mafungu sawa yalikuwa wazo langu. Ndimi niliyeyaandika kwenye rasimu. Sababu yangu wakati ule ilikuwa kwamba usawa unasainika kwa urahisi. Ukianza kuuliza nani ana watu wengi, nani ana barabara ndefu, nani anapokea wagonjwa wa wenzake, hutatoka kwenye kikao hicho na saini. Basi tukakubaliana, picha zikapigwa, mkataba wa maelewano ukatiwa saini.

Miezi tisa baadaye mfuko ulikuwa na mchango wa kaunti moja, tena nusu.

Nilidhani ni uzembe. Nikaenda hazina ya Mwembe kuuliza, na afisa wa bajeti akanikalisha kwenye benchi akanifundisha somo ambalo ningefundishwa kabla ya kusaini chochote. Fedha ya kaunti huingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti na hutoka kwa sheria ya matumizi iliyopitishwa na bunge la kaunti, kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mkataba wa maelewano si sheria ya matumizi. Huo mfuko wenu, aliniuliza, ni wa nani kisheria? Akaunti yake inasimamiwa na nani, na nani atakayesimama mbele ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuujibia?

Sikuwa na jibu. Kila kaunti ilikuwa imekuta ukuta huo huo kivyake. Mkanju hawakuwa wameweka kasma yoyote kwa sababu mkataba ulisainiwa baada ya bajeti kupita, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, uungoje usiungoje. Mwembe waliweka kwenye bajeti ya ziada, lakini karani akaiingiza chini ya safari na semina, kwa hiyo haikuweza kununua hata lita moja ya dizeli. Mnazi ndio waliolipa ile nusu, na afisa aliyeidhinisha alikuja kuandikiwa barua ya kumtaka ajieleze. Sijasahau uso wake.

Wakati huo chumba cha simu kilikuwa kinang'aa. Ubao mweupe ukuta mzima, sumaku za rangi tatu, kila rangi kaunti yake. Waratibu walikuwa wanajua kwa dakika gari gani liko wapi. Walichokosa ni uwezo wa kuliamuru tairi hata moja lizunguke.

## Daftari

Mratibu mkuu wa zamu ya usiku alikuwa mama wa makamo, muuguzi mstaafu, madereva wakimwita Mama Daftari. Kompyuta aliitumia kama alivyoelekezwa, lakini pembeni alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, na ndani yake alichora safu ambayo programu haikuwa nayo: sababu ya kutokwenda.

Siku moja nikiwa nasubiri mtu pale ofisini nililifungua. Mwandiko wake ulikuwa wa haraka lakini unasomeka.

"Gari lipo, mafuta hakuna."
"Gari lipo, dereva asema si upande wake."
"Gari hospitali, lasubiri machela. Saa 3 na nusu."
"Gari lipo, oksijeni imekwisha, mtungi uko hospitali ya jirani hawataki kuurudisha."
"Gari lipo, mafuta hakuna."

Kurasa na kurasa. Tukakaa naye jioni tatu tukahesabu robo mwaka nzima kwa kalamu. Maneno "gari hakuna" yalikuwepo, lakini hayakuwa yanayoongoza. Na sisi kamati, kikao baada ya kikao, tulikuwa tunajadili kununua magari.

Dereva mmoja aliniambia mbele yake, "Katibu, gari ninalo. Mafuta ndiyo mtihani." Tukapiga hesabu ya safari moja kama mfano. Kwenda na kurudi kilomita 140, ambulensi inakula lita moja kwa kilomita saba, ni lita 20. Kwa bei ya shilingi 170 kwa lita ni shilingi 3,400. Hicho ndicho kiasi kilichokuwa kinalisimamisha gari la mamilioni ya shilingi lenye wahudumu wawili wanaolipwa mshahara kwa mwezi. Na tusijidanganye: mara nyingine pengo hilo lilizibwa na jamaa wa mgonjwa, kwa mchango wa simu palepale kando ya barabara. Hilo daftari halikuandika, lakini kila mtu alilijua.

Machela inahitaji maelezo, kwa sababu watu wa fedha hawakuielewa mpaka tulipowachukua wakaone. Ambulensi inapofika hospitali iliyojaa, mgonjwa hubaki juu ya machela ya gari, pembeni mwa korido. Kisheria amepokelewa, lakini kwa uhalisia analala kwenye kifaa cha kaunti nyingine. Wahudumu wanakaa kwenye kivuli wakisubiri. Oktoba 2015 mgonjwa alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda, akafariki baadaye, na nchi nzima ikashtuka. Kinachotokea kila siku ni kidogo kuliko hicho, saa moja hapa, saa tatu pale, na hakiandikwi gazetini. Lakini zijumlishe saa hizo kwa mwezi utapata gari zima lisilofanya kazi, pamoja na dereva wake.

## Maamuzi, na tuliyoyakataa

Miezi 18 ya mfadhili ilikuwa inakimbilia ukingoni. Tukakutana upya, safari hii maafisa wa hazina wakiwa mezani tangu asubuhi ya kwanza, si kuletwa mchana kutia saini.

Mapendekezo yalikuwa mengi. La kwanza lilikuwa kumtoza mgonjwa. Lilikataliwa bila mjadala mrefu, na nadhani hata aliyelitoa alitaka tu lionekane limesemwa.

La pili lilikuwa kusubiri bima. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilikuwa imeunda mifuko mitatu, mmojawapo ukiwa wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi, na mamlaka mpya ikachukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, Oktoba 1, 2024. Wengi mezani waliona hapo ndipo penye nafuu. Mimi sikukubaliana, na bado sikubaliani. Bima hulipa kwa huduma iliyotolewa kwa mgonjwa anayejulikana, na hulipa baada ya kazi. Gari linalosimama tayari saa nane usiku bila simu kuingia halina mgonjwa wa kudai kwa jina lake. Safari inayofika na kukuta majeruhi ameshachukuliwa na pikapu haina dai. Malipo ya bima yakija ni neema, lakini huwezi kununua mafuta ya leo kwa neema ya miezi minne ijayo.

La tatu lilikuwa kukodi kampuni binafsi kwa kaunti zote tatu. Bei haikuwa mbaya. Lakini tungerudi kwenye swali lile lile la nani anasaini mkataba kwa niaba ya nani, na kila kaunti ingebaki na magari yake yameegeshwa.

Tulichochagua kilitoka kwa afisa wa bajeti wa Mwembe, yule wa benchi. Alisema kwa ufupi: fedha zisivuke mpaka, zivuke huduma. Kila kaunti inunue kwa bajeti yake yenyewe, kwa kasma yake yenyewe, kitu kimoja ambacho wote watatu watakitumia. Katiba kifungu cha 189(2) inazitaka serikali za kaunti zishirikiane na kuziruhusu kuunda kamati za pamoja kwa kazi hiyo. Kamati inaweza kupanga. Haihitaji kushika shilingi.

Basi Mnazi ikachukua waratibu: wafanyakazi wake wa kudumu, kwenye orodha yake ya mishahara, wakaazimwa kwa chumba cha simu. Mwembe ikachukua mafuta ya barabara kuu, kwa kandarasi na petroli stesheni chache ambako ambulensi yoyote ya kaunti tatu ingejaza. Mkanju ikachukua oksijeni, vifaa vya matumizi, na seti ya pili ya machela na mbao za kuwalazia walioumia uti wa mgongo, zikae hospitali ya rufaa kwa mabadilishano: ukileta mgonjwa juu ya machela yako unachukua nyingine, unaondoka.

Afisa wa ununuzi wa Mwembe aligoma mwezi mzima. "Ndugu katibu," aliniambia, "nikitia lita moja kwenye gari la Mkanju, mkaguzi akija nimwambie ni sadaka?" Hoja yake ilikuwa ya haki. Tukatengeneza kadi ya safari yenye namba ya tukio inayotolewa na chumba cha simu pekee, saa ya kuitwa, saa ya kufika, kilomita, na lita. Bila namba ya tukio hakuna mafuta. Bila saini ya hospitali iliyopokea, kadi haifungwi. Kila robo mwaka kadi zinahesabiwa, na kaunti iliyotoa zaidi ya fungu lake inapunguziwa mzigo katika mpango wa mwaka unaofuata. Hakuna hundi inayoandikwa.

Kanuni ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote na ilichukua muda mrefu kuliko zote: gari lililo karibu ndilo linalokwenda, na swali la nani analipa haliulizwi mpaka mgonjwa awe hospitali. Tikiti za safari zikaandikwa upya, mwisho wa safari ukiwa kaunti tatu.

## Matokeo

Machela zilifanya kazi tangu wiki ya kwanza. Kilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mpango, na ndicho kilichorudisha saa nyingi za magari barabarani. Mama Daftari aliacha kuandika mstari wa "lasubiri machela" karibu kabisa. Ukibaki, sababu ilikuwa mbao zimepotelea wodini.

Mafuta yalikwenda vizuri kuanzia Septemba hadi Mei. Juni yakayumba, Julai yakakatika. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, akaunti zinafungwa, na fedha mpya kutoka serikali kuu huchelewa. Stesheni moja ilikataa kutoa dizeli kwa mkopo kwa sababu ya deni la mwaka uliotangulia. Kwa wiki tano tulirudi palepale kwenye "mafuta hakuna", safari hii kwa magari ya kaunti zote tatu kwa pamoja, jambo ambalo mmoja wetu alisema kwa mzaha mchungu kuwa ndilo usawa wa kwanza tuliowahi kuupata.

Zamu ya usiku ilidhoofika mfadhili alipoondoka. Mnazi ilichukua waratibu wanne kati ya sita. Wawili waliobaki hawakuwa na nafasi kwenye orodha ya ajira, wakaenda. Kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri mtu mmoja alipokea simu za kaunti tatu.

Kisha picha. Mwakilishi wadi mmoja alikuta ambulensi ya kaunti yake, yenye rangi na nembo kubwa ubavuni, imeegeshwa kwenye kituo cha kaunti jirani. Akaipiga picha akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wadi: gari letu linahudumia watu wengine, mama zetu wanazaa njiani. Hakuuliza; kumbe wiki hiyo hiyo gari la jirani lilikuwa limebeba mama wawili wa wadi yake. Kwa siku nne tulikuwa tunazima moto huo badala ya kupanga zamu.

## Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa langu, la mafungu sawa. Kwa kukwepa ugomvi wa hesabu siku ya saini, nilipanda ugomvi wa kila mwezi. Kaunti yenye kipande kirefu cha barabara ilijiona inafadhiliwa, na ilionekana hivyo na wenzake. Kaunti iliyokuwa ikipokea wagonjwa ilijiona inanyonywa, na haikuwa imekosea. Hesabu ya kadi za safari iliondoa sehemu kubwa ya manung'uniko hata kabla mzigo wa mtu yeyote haujabadilishwa, kwa sababu tu kila mmoja aliona karatasi moja.

Kosa la pili, kuwaita watu wa afya na kuwaacha watu wa fedha. Sisi wa afya tuna tabia ya kumwona mhasibu kama kizuizi. Katika kisa hiki mhasibu ndiye aliyeona njia, na alikuwa ameiona tangu siku aliyonikalisha kwenye benchi. Hakuna aliyemuuliza.

Fedha za mfadhili zilisaidia na ziliumiza. Zilitupa chumba, redio na, bila kukusudia, daftari. Lakini ziliweka gharama ya kudumu, yaani mishahara, kwenye fedha ya kupita, na zikaacha gharama ndogo ya kila safari bila mwenyewe. Kama ningerudia, ningeomba mfadhili anunue machela, redio na jenereta, vitu vinavyobaki, na mishahara iingie kwenye orodha ya kaunti tangu siku ya kwanza hata kama tungeanza na waratibu watatu.

Mpango wa huduma badala ya fedha ulifaa kwa sababu haukumtaka mtu yeyote atende jambo ambalo sheria haimruhusu. Udhaifu wake ni kwamba kila nguzo ina mwenyewe mmoja. Mwembe ikikosa mafuta, wote hawana mafuta. Tulipaswa kuweka akiba ya Julai mapema, kwa mfano kujaza kadi za mafuta mwezi Mei kwa fedha za mwaka unaoisha, ndani ya kandarasi iliyopo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, lakini huo ni wa jambo lisilotazamiwa, na Julai huja kila mwaka.

Hospitali iliyopokea wagonjwa haikuwa na kiti kwenye kamati mwaka wa kwanza wote. Sheria ya 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya inaviacha vituo vibaki na makusanyo yake, jambo jema, ila majeruhi asiye na kitambulisho wala ndugu haleti makusanyo. Gharama yake inabaki pale alipolazwa. Kadi yetu ya safari ilihesabu lita na kilomita, haikuhesabu damu wala kitanda. Muuguzi mkuu wa idara ya dharura alituambia waziwazi: "Nyinyi mmepanga namna ya kuniletea watu haraka zaidi." Hatukuwa na la kumjibu, tukampa kiti.

Kuhusu picha ya WhatsApp, wengine kwenye kamati waliilaumu siasa. Mimi naona tulijitakia. Hatukuwahi kwenda kwenye mabunge ya kaunti na karatasi inayoonyesha, wadi kwa wadi, magari ya nani yalimbeba nani. Tulipokuja kuipeleka, mwakilishi yule yule aliomba nakala zaidi.

## Yaliyobaki wazi

Hesabu ya robo mbili bado inabishaniwa. Mkanju wanadai safari za kurudi tupu zihesabiwe, na Mwembe wanasema tupu ni tupu. Nimesikia hoja za pande zote mbili na naegemea kwa Mkanju, maana gari halirudi kwa kusukumwa.

Nafasi mbili za waratibu wa usiku zimewekwa kwenye bajeti ya Mnazi mara mbili na kukatwa mara mbili. Mama Daftari amestaafu kwa mara ya pili. Safu yake ya "sababu ya kutokwenda" imeingizwa kwenye programu, ila vijana waliomrithi wanaijaza kwa neno moja tu, "nyingine", na juzi nimewapelekea daftari jeusi wakasome ilivyokuwa ikiandikwa.

Katika mbao kumi za mgongo tulizoanza nazo, saba zipo kwenye mzunguko. Mbili zilionekana zimefanywa rafu stoo ya wodi moja, zikarudishwa. Ya kumi, ya manjano, yenye mkwaruzo upande wa kichwa, bado inatafutwa.